Mtumbwi Uliokunywa Sabuni

Shhh. Shhh. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayembembeleza mtoto nyuma ya jiko. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na kulikuwa bado hakujapambazuka hata kidogo. Nililala kimya, mguu wa Elina ukiwa juu ya tumbo langu, nikasikiliza. Kwa mtu aliyeolewa Nyanga, sauti ile ina maana moja tu: pombe imeanza kuchemka. Ndizi zikishakamuliwa, maji yake yakatiwa mtama wa kukaanga na kufunikwa kwa majani ya mgomba, hunong'ona hivyo hivyo usiku kucha.

Lakini ndizi zetu zilikuwa bado shimoni. Tulikuwa tumezifukia jana yake ili ziive, zingali kijani.

Niliutoa mguu wa mwanangu taratibu, nikachukua simu, nikatoka na mwanga wake mdogo. Nyuma ya jiko, chini ya paa la majani makavu ya migomba, ndipo unapokaa mtumbwi wa baba mkwe wangu. Sisi Wahaya tunauita obwato, jina lile lile la mtumbwi wa ziwani, kwa kuwa unachongwa vile vile kutoka gogo moja. Ila huu hauendi majini. Humo ndimo wanaume huingia kwa miguu wakakanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Nilimulika. Mtumbwi ulikuwa umejaa povu jeupe mpaka mdomoni, na povu lilikuwa linakufa polepole, kipovu kimoja kimoja. Shhh.

Nilikulia kisiwani, upande wa Muleba, ambako mama yangu alifua nguo za wavuvi ufukweni. Jioni povu liliondoka penye mawe, likasogea kama kundi la ndege weupe, na asubuhi halikuwapo. Nilikuwa namuuliza: mama, povu huenda wapi? Naye alinijibu kwamba linakwenda kulala. Sasa lilikuwa limekuja kulala kwetu.

"Anna," niliita dirishani. "Annastella. Mdogo wangu, umeuosha mtumbwi?"

"Ndiyo, dada." Alitoka akifunga kanga, uso umejaa usingizi na furaha. "Ulikuwa mweusi ndani, unanuka uchachu. Nikasema baba akiamka aukute unang'aa. Nimemwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga, nikauacha uloweke."

Annastella ni mchumba wa shemeji yangu Rwekaza, binti wa mzee Joackim wa Kanazi, lakini amekulia mjini kwa shangazi yake na anasomea uuguzi. Zamani binti asingekanyaga kwa wakwe kabla pombe ya kuposa haijapelekwa kwao. Siku hizi mambo yamelegea. Alikuja na Rwekaza kutusaidia maandalizi, kwa kuwa mama mkwe wetu Klaudia ametangulia mbele ya haki, na mume wangu Revocatus yuko visiwani ananunua dagaa. Nyumba nzima mwanamke ni mimi tu. Alikuja kwa moyo mweupe. Na mtu aliyefundishwa usafi wa wodi, akiuona mti mweusi unaonuka, atafanya nini kingine?

Kabla sijamjibu, mzee akatokea na fimbo yake. Baba mkwe wangu, Ta Byabato, kila alfajiri huenda kupapasa udongo wa shimo la ndizi, kusikia joto lake. Masikio yake yalizeeka kabla ya miguu, kwa hiyo hutegemea mikono. Alisimama, akatazama.

"Nani amenyoa kondoo humu?"

Annastella alipiga magoti. "Baba, ni mimi. Niliuosha."

"Eh?"

"Niliuosha, baba."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu yamestaafu."

"NILIUOSHA KWA SABUNI!"

Jogoo wa jirani alinyamaza. Ng'ambo ya mibuni, sauti ya jirani yetu Ma Eufrazia ikapaa: "Mawe, mama yangu! Sabuni? Ndani ya obwato?" Yule mama, hata ukidondosha sindano kwako, yeye atakuuliza imeanguka upande gani.

Elina naye alikuwa ameamka, anachungulia mlangoni. Mzee alichovya kidole kwenye povu, akakilamba, akatema pembeni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mtumbwi huu aliuchonga baba yangu. Tangu siku hiyo umekunywa ndizi tu. Ukimaliza unasuguliwa kwa nyasi na maji, basi. Uchachu wake unakaa ndani ya mti, unangojea ndizi nyingine." Alifuta kidole kwenye koti. "Leo umekunywa sabuni."

Rwekaza alikuwa ameshatoka, amesimama nyuma ya mchumba wake kama mtu aliyeegeshwa. "Tata, tutapeleka kreti za bia. Watu wengi siku hizi..."

"Kreti utawapelekea rafiki zako wa mtaa wa Bakoba. Kwa Joackim napeleka amarwa, pombe ya ndizi zangu."

"Basi chukueni wa kwangu!" Ma Eufrazia alipiga kelele kutoka kwenye mibuni. "Mtumbwi wangu upo, mkavu!"

"Asante, mama. Lakini pombe ya kuoa haikamuliwi kwenye mtumbwi wa kuazima. Watu watasema mke naye ameazimwa." Akatugeukia. "Ndizi zikiiva nitakamua humu humu. Ikichemka, tutakwenda Kanazi. Isipochemka, hatutakwenda. Siwezi kuomba mtoto wa watu kwa pombe iliyokataa. Mti utakuwa umesema."

Annastella bado alikuwa amepiga magoti. Machozi yalimdondokea kwenye kanga bila sauti, na mimi niliona wazi kwamba mzee hakusema vile kwa ukatili. Alikuwa anaogopa.

Basi tukaanza kusuuza. Tulichota maji ya chemchemi mpaka njia ikalowa. Tukamwaga, tukasugua, tukamwaga. Kila tulipotia maji mapya na kuyakoroga, povu lilirudi, safari hii jembamba, lakini lilirudi. Mti mkavu ni kama mtu mwenye kiu. Ulikuwa umeivuta sabuni mpaka kwenye nyufa zake za ndani. Mchana ukaisha, mikono yetu imekunjamana, na ndani ya mtumbwi bado kulikuwa na ukingo mweupe.

"Dada," Annastella akasema, "ndizi huchukua muda gani kuiva shimoni?"

"Zina haraka zake," nikamjibu. Sikutaka kumwambia.

Jioni ile nilikwenda darasani. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na sasa najiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tunasoma Bakoba, kwenye chumba cha shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Kuna dereva wa bodaboda, kuna mama muuza nyanya, kuna vijana wa gereji. Mwalimu wetu wa baiolojia anaitwa Avit, kijana mwembamba anayefuta ubao kwa kiwiko. Somo la jioni ile lilikuwa mmeng'enyo wa chakula, lakini nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, povu la sabuni likiingia majini huenda wapi?"

"Linakwenda Mwanza!" dereva wa bodaboda akajibu, darasa zima likacheka.

Mwalimu Avit naye alicheka, kisha akaacha kucheka, akakaa juu ya meza. "Swali zuri. Na bado ni la mmeng'enyo. Linaliwa."

"Na samaki?"

"Na bakteria."

Akachora ubaoni kitu kama kiluwiluwi. Akasema kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia: kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta, ndiyo maana inaweza kuushika uchafu wa nguo na kuutia majini. Lakini ikimwagwa mtoni haiachi tabia yake. Inashika mafuta ya ngozi ya samaki, inashika magamba, inadhuru. "Sasa kuna bakteria wanaojua kuukata ule mkia. Kipande, kipande, kama unavyokula muwa. Sabuni nyingi za siku hizi huliwa hivyo. Mwisho zinabaki hewa, maji na chumvi kidogo. Sabuni imekwisha."

"Lakini wanaionaje, mwalimu? Wana macho?"

"Hawana. Wanaonja. Kila mmoja ana vijikia vinavyozunguka kama pangaboi la boti. Anakwenda mbele kidogo, anaonja maji. Kama sasa chakula kimeongezeka kuliko punde, anaendelea. Kama kimepungua, anajipindua, upande wowote tu, halafu anakwenda tena. Anaonja tena. Kidogo kidogo anajikuta amefika."

"Kwa hiyo hajui anakokwenda," mama muuza nyanya akasema kwa huruma.

"Hajui. Anachojua ni kama sasa ni afadhali kuliko punde."

Sikuandika neno. Nilikuwa natazama kile kiluwiluwi cha chaki. Nilifikiri jinsi nilivyotoka kisiwani bila kujua ninakokwenda, nikajipindua, nikafika Nyanga. Nikajipindua tena na mimba ya Elina, nikafika kwenye dawati hili dogo. Kumbe hata viumbe wasioonekana husafiri hivyo.

Darasa lilipotoka nilimweleza mwalimu habari ya mtumbwi. Alijishika kichwa.

"Dada Dativa, hilo halimo kwenye muhtasari."

"Najua. Lakini hao bakteria, nitawapata wapi?"

"Pale sabuni inapomwagwa kila siku kwa miaka. Waliozaliwa kwenye sabuni. Wanakaa kwenye ule ute wa mawe." Akafikiri. "Wanahitaji hewa, kwa hiyo ukoroge. Wanahitaji joto. Wanahitaji muda, na huo siwezi kukupa. Na wakimaliza kazi, uwatoe! Maji ya bondeni yana wadudu wengine wasiofaa kwenye pombe ya mkwe. Umwagie maji yaliyochemka, halafu jua kali. Mimi sijawahi kusikia mtu akifanya hivi kwenye mtumbwi. Ikishindikana usinitaje."

Kulipokucha nilimbeba Elina mgongoni, nikamshika mkono Annastella, tukateremka bondeni wanawake wanakofulia. Juu, kwenye mawe ya kufulia, maji ni meupe. Yanateremka na povu lake, yanaingia kwenye mafunjo, yanajipenyeza polepole kati ya mizizi. Nimepita pale mara nyingi na nguo kichwani bila kutazama. Siku ile tuliyafuata. Povu lilipungua, likawa visiwa, visiwa vikawa vitone, na upande wa pili wa mafunjo maji yalitoka yametulia, yana rangi ya chai nyepesi. Pale pa katikati, povu linapokufa, mawe yalikuwa na ute wa kijani unaoteleza. Nikayachukua hayo, na maji yake, na tope kidogo, tukajaza ndoo.

"Tunabeba nini?" Elina akauliza.

"Wageni," nikamwambia. "Wana njaa."

Ma Eufrazia alitukuta njiani. Alichungulia ndoo ya Annastella, akapiga makofi mara moja. "Jana sabuni, leo matope! Kesho huyo mwalimu wenu wa jioni atawaambia mtie na chura?"

"Akisema, mama, tutakuja kuazima wa kwako," nikamjibu, na Annastella akacheka kwa mara ya kwanza tangu povu.

Kwa mzee haikuwa rahisi. Nilipiga magoti mbele yake, nikapaza sauti, nikamweleza yote: kichwa, mkia, muwa, mafunjo. Alinitazama mdomo muda wote.

"Hao wadudu," akauliza mwishoni, "wanakunywa pombe?"

"Hapana, Tata. Hawa nimewaita kwa ajili ya sabuni."

"Basi sina ugomvi nao. Wanaonisumbua ni wale wanaokunywa pombe bila kulima." Akainuka. "Lakini mti ndio utakaosema, si wewe na si mwalimu."

Tukatia maji vuguvugu kiasi, tukayapanga yale mawe ndani kama mafiga, tukamwaga lile tope. Kazi ikawa ni kukoroga. Annastella alikoroga, nikakoroga, Elina akakoroga kwa kijiti. Jua lilipanda juu ya migomba, likapita kwenye matundu ya paa, likaanguka vipande vipande juu ya maji.

Mchana nilijinyoosha kwenye mkeka kando ya mtumbwi, mkono wangu mmoja ukining'inia ndani ya maji. Sijui kama nililala. Niliona mtumbwi umepanuka, kingo zake zimekuwa vilima, na maji yake ni ziwa lisilo na upepo. Chini, kwenye giza la nyufa, sabuni ilikuwa imejificha kama watu wanaoogopa kuitwa. Na wao walikuwa wanakuja. Hawakuwa na macho, hawakuwa na taa. Kila mmoja alikimbia kidogo, akasimama, akajipindua, akakimbia tena, wengi kama mvua, bila kugongana, bila kuulizana njia. Mmoja alipita karibu na kidole changu, akaonja, akaona si mimi anayetafutwa, akageuka. Ufukweni alikuwa amesimama mama yangu na nguo za wavuvi, akaniambia: nilikwambia linakwenda kulala, kumbe linakwenda kuliwa. Revocatus alikuwa ng'ambo, anaanua dagaa, nikamwita, naye akasogea kwa mtindo ule ule, hatua, kugeuka, hatua.

"Mama, mkono wako umelowa," Elina akasema, nikaamka.

Njia yetu ya kupima ilikuwa chupa ya soda. Tulichota maji ya mtumbwini, Elina akatikisa kwa nguvu zote mpaka mashavu yakatetemeka, halafu tukaiweka chini na kutazama. Jioni ya kwanza povu lilisimama shingoni mwa chupa, likakaa pale kama mkwe aliyekaribishwa chakula. Kesho yake lilisimama vile vile. Annastella aliitazama chupa, akaenda ndani. Nilimkuta anakunja nguo zake.

"Dada, nitaondoka kabla ndizi hazijafukuliwa. Nikiondoka mwenyewe, hakuna atakayesema nilikataliwa."

"Na Rwekaza?"

"Rwekaza amesimama tu. Umemwona? Hajui aende kwa baba yake au aje kwangu."

Nilikaa kitandani kwake. Ningeweza kumwambia maneno mengi ya kumtia moyo, lakini nayo yangekuwa povu. "Onja maji kwanza," nikamwambia. "Kesho tutatikisa tena. Ikiwa si afadhali kuliko leo, nitakusindikiza mwenyewe mpaka stendi."

Akaacha kukunja, lakini begi hakulifungua.

Na ndizi nazo hazikumngoja mtu. Usiku ule harufu ilianza kupanda kutoka shimoni, ile harufu tamu nzito inayopita chini ya mlango. Mzee aliisikia kwa pua kabla yetu. Asubuhi alipapasa udongo, akasema, "Zimeshapata moto. Kesho tunafukua."

Tulitikisa chupa. Povu likapanda. Likapanda mpaka katikati ya shingo, likayumba, likashuka. Halikwisha lote, ila lilishuka. Elina akatikisa tena bila kuambiwa. Lilishuka tena.

"Ni afadhali," Annastella akanong'ona. "Dada, ni afadhali kuliko jana!"

Tukamwaga yale maji migombani, tukatia mapya ya chemchemi ili yavute kilichobaki kwenye nyufa, tukaacha mawe yetu humo, tukakoroga kama watu wanaosonga ugali wa harusi. Rwekaza alikuja, akasimama kidogo, halafu akachukua mwiko kutoka mkononi mwa Annastella, akakoroga yeye. Mchana ule hakuondoka tena.

Jua lilipoanza kulegea tulijaza chupa mbili, moja ya mtumbwini, moja ya chemchemi tupu. Tukatikisa zote. Vipovu vikapanda, vikapasuka, vikaisha. Zote mbili. Nilizitazama mpaka nikasahau ipi ni ipi.

Tukawatoa wageni wetu. Mawe niliyarudisha bondeni mwenyewe, kwa heshima, mbele ya Ma Eufrazia, ambaye alitaka kujua kama nimewapa na nauli. Tukamwagia mtumbwi maji yaliyochemka, tukausugua kwa nyasi, na asubuhi jua likaupiga mpaka ukalia ka-ka. Nilinusa ndani. Ulinuka mti tu. Uchachu wa zamani haukuwapo, hilo halikunipita. Nilijiambia mtama utaleta uchachu mwingine, kila kitu huanza upya mahali fulani. Lakini sikuwa na hakika, na sitasema nilikuwa nayo.

Tulifukua. Ndizi zilikuwa njano kama taa. Tulimenya wote, mikono inanata, na Ta Byabato akakunja suruali, akanawa miguu, akafanya ishara ya msalaba, akaingia mtumbwini akimshika Rwekaza bega. Wakakanyaga. Mwanzoni zilikuwa donge tu. Mzee akakaza uso. Halafu nyasi zikaanza kulia chini ya nyayo, na maji yakatoka, ya dhahabu, mazito. Yakachujwa, yakatiwa maji na mtama wa kukaanga, yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Mzee alipotoka alikuwa amechoka sana. Aliuwekea mtumbwi mkono kama anavyoweka mkono juu ya kichwa cha Elina.

"Kesho tutasikia," akasema. Hakuna aliyecheka, ingawa sote tulijua yeye hatasikia.

Usiku mvua ikanyesha. Mvua ya kwetu haina haraka; ilikaa juu ya bati kama mgeni wa siku nyingi. Baridi ikaingia. Pombe haipendi baridi. Nilikaa macho nikisikiliza, lakini kila nilichosikia kilikuwa maji: bati, mfereji, majani ya migomba.

Kulipoanza kupambazuka nilitoka. Mzee alikuwa ameshafika, amejifunga koti, rozari mkononi, amepiga magoti na sikio lake ameliweka juu ya mti.

"Dativa," akasema bila kuinua kichwa. "Njoo unisikilizie."

Nikapiga magoti upande wa pili. Paa lilikuwa bado linadondosha. Nikaziba sikio moja, lile jingine nikaliweka kwenye ubavu wa mtumbwi, penye baridi. Na nikaisikia. Shhh. Shhh. Ilikuwa sauti ile ile. Ile ya asubuhi ya kwanza, ya kipovu kimoja kimoja. Je, ni pombe? Au nyufa zilikuwa zimeficha sabuni mpaka usiku huu, na sasa zimeitema? Povu ni povu, na mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa hofu.

"Unasikia nini?"

"Kuna sauti, Tata."

"Sauti gani?"

Niliinua kichwa. Annastella alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, begi lake miguuni. Rwekaza alikuwa karibu naye kabisa. Kwenye mibuni, Ma Eufrazia alikuwa amesimama na kikombe cha chai, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe Nyanga hakuwa na neno.

Elina akatoka ndani, peku, nywele zimesimama. Alitukuta tumepiga magoti, akadhani tunasali, akapiga magoti naye. Halafu akachoka kungoja. Akainuka, akafunua ncha ya jani la mgomba. Chini yake kulikuwa na povu, limejaa mpaka mdomoni. Lilikuwa na rangi ya maziwa ya chai, au labda ni mapambazuko tu yaliyolipaka rangi; sikuthubutu kusema. Mwanangu akachovya kidole, kama alivyomwona babu yake akifanya siku ile. Akakilamba.

Hakutema. Alimeza, akafikiri, akachovya tena. Kisha akamwinamia babu yake sikioni, akasema kwa ile sauti kubwa aliyozoea kumsemea:

"Babu, hii siyo sabuni."